Flashi Tupu ya Bi Mkanda

Katika kila harusi, kabla hajaifungua kamera yake, Bi Mkanda alisimama mlangoni na kapu la ukili mkononi, akanyoosha kidole na kusema neno moja tu: "Simu."

Hakuna aliyesamehewa. Mama wa bwana harusi, shangazi wa bibi harusi, mke wa mkubwa fulani aliyeteremka kwenye gari yenye vioo vyeusi, wote walitia simu zao kapuni kama watu wanaovua viatu mlangoni mwa msikiti. Aliyebisha alibaki nje barazani akiisikiliza ngoma kwa masikio. Mimi nilikuwa nikienda kwenye harusi hizo kwa kazi yangu ya kupaka hina na piko, na tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta pale Kiponda, tukikopeshana chumvi na kugombana juu ya maji ya mfereji. Hata hivyo sikupata kuingia na simu hata mara moja. Nilipolalamika alinijibu, "Mikono yako naijua. Simu yako siijui."

Jina lake la haki nalijua na sitalitaja, kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe penye watu. Mji ulimwita Bi Mkanda. Alianza kazi zama za mikanda ya video, na mikanda ilipokufa zikaja sidii, sidii nazo zikafa zikaja flashi, na sisi tukaendelea kusema "mkanda wa harusi" kana kwamba hakuna kilichobadilika. Alipiga upande wa wanawake tu. Humo ndani watu huvua mabuibui, nywele zikafumuliwa, kanga zikafungwa viunoni, na bibi mzito wa mtaani, ambaye hujapata kumwona hata kisigino, huinuka akacheza kidumbak mpaka ukaionea huruma sakafu. Picha za humo ni amana. Zikitoka nje, kuna ndoa zitavunjika na kuna wasichana hawatachumbiwa tena, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.

Kwa hiyo alikuwa na masharti mengi kuliko mganga. Mkanda ukishakamilika aliutia kwenye flashi moja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, pale wanawake wengine wanapofunga pesa, akaenda nao kwa miguu mpaka nyumbani kwa wenye harusi na kuukabidhi mkononi mwa mama wa bibi harusi. Si kwa kaka yake, si kwa baba, si kwa mtumishi. Mama akiwa hayupo, Bi Mkanda alirudi nao. Kila flashi aliitia alama kwa rangi ya kucha: nyekundu ya nyumba hii, kijani ya nyumba ile. Flashi ya mtu mwengine hakukubali iguse kompyuta yake. "Flashi kama mswaki," alikuwa akisema. "Haiazimwi. Hujui imeshaingia vinywa vya nani."

Neno alilolipenda kuliko yote ni kufuta. Mtu akimwomba, "Bi Mkanda, pale nilipoanguka naomba upafute," alifurahi kama aliyeombwa dua. Ukimuudhi alikwambia, "Ntakufuta miye, shauri yako," na wapo waliofutwa kweli. Shangazi mmoja aliyemwita mchawi wa kamera aliupokea mkanda wa harusi ya mwanawe akajitafuta mwanzo mpaka mwisho asijione, isipokuwa kiwiko. Nilimwambia Bi Mkanda kwamba si vizuri. Akasema kiwiko kinamtosha.

Na mtu mkali hivi, asiyeogopa mume wa mtu wala mkubwa wa serikali, aliiogopa kompyuta yake mwenyewe. Hili nililigundua polepole. Alipokuwa akikata na kuunga mikanda alikaa upande, bega likielekea kioo, akitazama kwa pembe ya jicho. Ikiadhiniwa magharibi aliifunika kompyuta kwa kanga, na kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilimcheka. Nilimuuliza kama anaona kompyuta itashikwa na baridi. Hakucheka. Aliniambia kwamba watu wanaocheza mle ndani hawajui kuwa harusi imekwisha, na si vyema kuwakodolea macho. Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha kabisa. Katika mikanda yote ya miaka yote hiyo hakuna hata kivuli chake, na alikuwa akihakikisha.

Nadhani woga huo alitoka nao utotoni. Alilelewa katika nyumba iliyokuwa ikiandika kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, na mgonjwa anayanywa yale maji. Kazi yake yeye ilikuwa kuziosha sahani. Alinisimulia namna maandishi yalivyokuwa yakilegea, yakitoka mkia mkia, na maji yakageuka manjano. Hata alipozeeka, akimaliza kuisafisha flashi ili aitumie tena, hakusema ameifuta. Alisema, "Nshaiosha hii," akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyenziwe.

Kopo hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Siku moja nilimkuta amekaa kakishika kichwa, flashi moja imechomekwa.

"Tizama," akaniambia. "Nnaifungua, tupu. Sivyo?"

Nikatazama. Kioo kilikuwa cheupe, hamna kitu.

"Sasa nnatia mkanda. Inakataa. Inasema imejaa."

"Imejaa nini?"

"Ndo nnakuuliza wewe."

Nilisema labda mbovu, itupwe. Lakini Bi Mkanda alikuwa bahili wa vitu, si wa roho, na hakutupa. Alitia humo kipande kifupi kilichoenea, akakitafutia kilichobaki flashi nyengine. Tangu siku hiyo zikatokea kadhaa za namna ile, tupu na zimejaa. Akaziita zilizoshiba. Miaka ya baadaye watu wa Bububu walimrudishia flashi wakilalamika kwamba katikati ya mkanda wao imetokea ngazi ya mbao ambayo haimo nyumbani mwao, na sauti ya mwanamke anayemwita mtoto. Bi Mkanda aliitia kwenye kompyuta mbele yao, ikaonekana mkanda wao peke yake, hakuna ngazi. Akawaambia wamechanganya na tamthilia. Walipoondoka aliifunika kompyuta, na bado ilikuwa mchana.

Sasa nimtaje mdogo wangu, Salha. Binamu yetu alipoolewa, Salha alicheza kuliko wote. Alikuwa mwembamba, mwenye haya mitaani kiasi cha kujibu salamu kwa kichwa, lakini ndani ya chumba cha wanawake alikuwa mtu mwengine kabisa. Bi Mkanda, aliyekuwa haangalii mtu, alimwangalia yeye. Miezi haikuwa mingi Salha akashikwa na homa iliyoanza kama mchezo, na hatukuwa naye tena. Katika maisha yake hakupata kuvuka Bububu kwenda mbele. Alikuwa akitapika garini.

Baada ya arubaini mama alimwita Bi Mkanda nyumbani. Mimi nilikuwepo, nimekaa jamvini na kikombe cha kahawa kilichopoa.

"Bi Mkanda, nna haja kwako."

"Naam, dada yangu. Sema."

"Mwanangu nshamsitiri. Sitaki abaki anacheza kwenye TV za watu."

"Ntamfuta kwa mkono wangu. Hutomwona wewe wala mwengine."

"Niapie."

Bi Mkanda hakuwa mtu wa kuapa, na siku ile aliapa. Mkanda wenyewe ulikuwa pahali pawili tu: ndani ya kompyuta yake, na kwenye flashi yenye rangi nyekundu aliyopewa mama yake binamu. Kwenye kompyuta aliufuta siku ileile. Flashi ikachelewa, kwa sababu binamu alikuwa ameipeleka duka la kuchapisha kutolewa picha moja ya stara, ile aliyokaa na mumewe. Kwenye duka lile, kila flashi ya mji inaingia tundu moja. Iliporudi, Bi Mkanda alivunja sharti lake, akaipokea, akaichomeka, kisha akanigongea ukuta niende mbio.

Ilikuwa tupu.

"Wallahi sijagusa kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeikuta hivi."

"Basi binamu kaifuta."

"Nshamuuliza. Hakufuta." Akaichomoa, akaiweka kiganjani kama kifaranga. "Mola kamsitiri mwenyewe. Kanitangulia."

Niliona kitu kimoja ambacho sikukisahau. Kabla hajaichomoa, kile kitaa kidogo cha flashi kilikuwa kikikonyeza mfululizo, namna kinavyokonyeza kinaposoma. Nikamwambia. Akanijibu kwamba flashi zote zinakonyeza, nisianze. Tukaenda kwa mama, tukamwambia Salha ameshafutika, na mama akalia kilio cha kupumua. Aliishi miaka mingine michache, na naamini alikufa ametulia juu ya jambo hilo. Flashi ikaingia kopo la biskuti.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini naeleza haya yote badala ya kueleza wema wake, na wema alikuwa nao. Harusi za mayatima alipiga bure. Msichana aliyerikodiwa na mchumba wake kwa siri akaja kulia kwake, na Bi Mkanda alivaa buibui, akaenda mpaka Malindi, akamtolea yule kijana maneno barazani mbele ya babake mpaka simu ikatolewa. Watu walimwogopa, na woga huo ulikuwa kitasa cha milango yetu sote. Lakini kila nikimkumbuka, ninaiona ile flashi kiganjani mwake.

Alipoacha kazi, macho yalipoanza kuingia ukungu, alihamia kwa mpwa wake Kidichi, kwenye mikarafuu na midalasini. Mimi niliendelea na hina. Ndipo nilipoitwa Mkokotoni.

Ilikuwa nyumba ya wavuvi wenye uwezo, watu wakarimu. Nilikuwa nampaka bibi harusi ambaye dada yake mkubwa aliolewa kabla yake, na ile harusi ya dada ilikuwa miongoni mwa za mwisho alizopiga Bi Mkanda. Baada ya adhuhuri hina ilikuwa inakauka, wanawake wamejaa mkekani, wengine wamevuka asubuhi kutoka Tumbatu. Mama mwenye nyumba akasema tusikae bure, akachukua flashi akaichomeka nyuma ya TV. Nikaiona. Ilikuwa na rangi ya buluu, imebanduka, na chini ya buluu palikuwa na wekundu wa zamani.

Mkanda wa dada ukacheza, mfupi, ukaisha. Nikashukuru. Kisha TV ikaendelea yenyewe kwenye kilichofuata.

Mwanzo ulionekana mkono unapaka hina kwenye mguu wa mtu. Kidoleni una pete ya akiki. Niliutazama mkono ule, kisha nikautazama wangu, na pete ya akiki, na bomba la hina nililokuwa nimelishika. Kamera ikainuka, nikaiona ngazi ya mbao ya nyumba ya binamu, nikasikia sauti ya marehemu mama ikimwita mtoto. Halafu Salha akaingia katikati ya chumba, akafunga kanga kiunoni, akacheka.

Niliogopa. Sioni haya kusema. Na ndani ya woga ule nilifurahi furaha iliyonitia kizunguzungu, maana nilikuwa nimeshausahau mwendo wa mabega yake.

Wanawake wale hawakushangaa hata kidogo.

"Kaja," akasema mmoja.

"Nani?" nikauliza.

"Hatumjui," akasema mama mwenye nyumba. "Kila tukiweka mkanda huu anakuja mwishoni. Watoto wanamwita Bi Mgeni."

"Wengine wanasema si mtu," akadakia mwanamke wa Tumbatu. "Mjomba wao kaitia kwenye kompyuta, hamwoni. Flashi tupu hiyo, mkanda wa dada tu. Kwenye TV ndo anatoka. Mwanangu kamrikodi kwa simu hapahapa, tukenda naye kwetu. Kule nako wanampenda."

"Anacheza huyu!" akasema mwengine. "Hebu wewe Bi Hina, unayetembea harusi zote. Nani huyu?"

Nilijibu kwa ufupi, nikaomba maji ya kunywa. Nilipomaliza kazi niliwaambia wenyeji kwamba flashi ile ina kirusi, itawaharibia TV, na kwamba mimi namjua aliyewapigia, nitampelekea aisafishe. Walinipa upesi sana. Nadhani walifarijika. Nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu.

Baadaye niliuliza kwa mpwa wangu wa kike anayetengeneza simu Darajani, bila ya kumwambia ya nani. Akanieleza kama jambo la kila siku: kuna virusi hukaa kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha, vikiingia kwenye flashi vinavificha vilivyomo. Havifuti. Kompyuta inaona tupu, lakini vitu vipo na nafasi imejaa. TV haijui kuficha, inaonyesha kila inachokikuta. Akaongeza kwamba hata kinachofutwa kwa haki mara nyingi hukaa palepale mpaka kiandikwe kitu juu yake. Alisema haya huku anakula embe.

Nikaenda Kidichi alasiri moja. Bi Mkanda alikuwa uwani amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hana nazi anayokuna, amekaa tu. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo, Bi Mkanda."

"Marahaba. Hatua zako hizo. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kafufuka," akasema, na sijui alijuaje.

Nikamweleza yote, mkono, ngazi, Bi Mgeni, Tumbatu. Nikamtilia flashi kiganjani. Akaipapasa kwa kidole gumba, akaikuna rangi ya buluu kwa ukucha mpaka akahisi ile nyengine chini yake. Hakujitetea. Aliendelea kuikuna mpaka kuku wakaturudia miguuni.

"Nlijua toka mtoto," alisema hatimaye. "Nnaosha sahani, sahani inabaki nyeupe, watoto wenzangu wanasema yamefutika. Miye nnacheka. Nnawambia hayajafutika, yamo kwenye maji, na sasa hivi atakunywa mtu. Nlijua, mwanangu. Halafu utu uzima huu wote, kioo kikawa cheupe mbele yangu, nkasema tupu. Nkamwapia mama yako."

"Hukujua."

"Nshakwambia nlijua."

Ndani palikuwa na TV ya mpwa wake. Aliniuliza kama nataka kumwona Salha mara moja kabla hatujaivunja flashi. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaukumbuka uso wa mama siku ile ya jamvini, nikasema hapana. Bi Mkanda akaitikia kwa kichwa, akaniambia nilete kinu.

Tuliitwanga. Aliushika mchi yeye, na mimi nikauongoza kwa sababu haoni vizuri, tukatwanga zamu kwa zamu kama watu wanaotwanga kisamvu, mpaka ikawa vipande vya plastiki na vumbi la kijani. Vikachomwa pamoja na makumbi. Wote wawili tulijua kwamba mtoto wa watu Tumbatu anaye kwenye simu, na kwamba mahali fulani mtu mwengine anampenda. Salha aliyekuwa akitapika Bububu, alikuwa ameshavuka bahari.

"Walikuuliza ni nani?" akaniambia, moshi ukituelekea.

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nkasema simjui. Nkasema sijapata kumwona."

Bi Mkanda akageuza uso wake kwangu, uso mzima, si pembe ya jicho.

"Basi wewe ndo uliyemfuta, mwanangu," alisema, bila ya ukali wowote. "Miye nlishindwa."

Kisha akaushika ukingo wa kanga yake, akalitafuta kwa vidole lile pindo alilokuwa akifungia flashi za watu, akanifuta machozi.